Mtamba Aliyenichagulia Mji

Haya, nyie mliokuja kunyolewa na nyie mliokuja kukwepa jua, benchi ni moja, sogeleaneni mkae. Punguzeni hiyo redio kidogo. Na wewe uliye kwenye kiti, nikifika panapochekesha usitingishe kichwa, maana sikio likishakatika halichipui.

Kila siku mnaniuliza, wewe Mkurya wa Susuni, hapa Mugumu ulifikaje? Mwanza hukuiona? Sirari je, kwenu kabisa? Niliziona zote. Niliuchagua mji huu kwa akili zangu, na ng'ombe akanisaidia kidogo. Leo naeleza mwanzo mpaka mwisho, na ni kweli tupu, isipokuwa pale nilipoongeza, na nimeongeza pale tu ambapo ukweli wenyewe ulikuwa mfupi.

Mimi sikusoma. Shule naijua kwa nje, kwa sababu ng'ombe wetu walipenda sana majani ya uwanja wake. Kunyoa nilijifunza kwa kondoo, halafu wadogo zangu, halafu watu wengine ambao walikuwa hawana haraka. Baadaye nikapata mashine ya umeme, lakini umeme kwetu haukuwa umefika, nikawa naiendesha kwa sola. Sola yenyewe ilikuwa ndogo kama sinia ya kuanikia dagaa. Jua likiwaka, mashine inanguruma mpaka mbwa wanakimbia. Wingu likipita, inakufa katikati ya kichwa.

Basi Susuni nzima ikajaa watu walionyolewa nusu. Ulikuwa unamkuta mzee mzima na heshima zake, upande mmoja unang'aa, upande mwingine msitu, ukimuuliza anakujibu tu kwamba anasubiri jua. Watu wakaacha kutazama mawingu ili wajue kama mvua itanyesha. Wakawa wanatazama vichwa vyetu.

Kilichoniharibia kabisa ni bwana harusi. Alikuja asubuhi ya harusi yake, anga safi, nikaanza nyuma ya kichwa kwa madaha. Nilipofika utosini, wingu hilo. Likatanda siku nzima, nadhani lilikuwa limealikwa. Bwana harusi aliingia kanisani akiwa na nywele mbele na upara nyuma. Waliokaa mbele walisema kapendeza, waliokaa nyuma walidhani bibi harusi anaolewa na babu yake. Siku hiyo niliposikia kanisa zima linacheka mpaka kwaya ikapoteza sauti, nilijua lazima nihamie mjini, mahali ambapo umeme unatoka ukutani na si mbinguni.

Nikamwambia baba. Sasa baba yangu ni mtu ambaye akikohoa Susuni, kuku wa ng'ambo ya mpaka wanaingia bandani. Akaita watu wa nyumbani tukae tuzungumze, na kila mmoja akaja na mji wake. Mjomba alitaka niende Mwanza, maana aliwahi kulala huko siku moja akiwa anafuata matibabu ya jino, na mpaka leo huwa anasimulia kama mtu aliyezaliwa huko. Dada yangu, ambaye ameolewa Sirari, alisema niende kwake, mpakani kuna hela na kuna vichwa. Mama hakutaja mji. Alisema tu nisiende mahali ambapo nitakula ugali peke yangu.

Baba alisikiliza wote, akapiga fimbo chini, akasema maneno ambayo ndiyo yalinifikisha kwenye hiki kibanda mnachokiona.

"Mura, utakwenda na ng'ombe mmoja. Mji usio na nafasi ya ng'ombe mmoja utakuwaje na nafasi ya mwanangu?"

Mura ni kijana wa kiume, ndivyo tunavyoitana kwetu. Na baba hakuwa anatania. Kwake yeye mwanamume anayelala mahali pasipo na ng'ombe ni mtu aliyelala njiani. Akaweka na sharti. Mvua zikiisha atakuja kukagua. Hakusema atakuja kuniona mimi, alisema atakuja kumwona ng'ombe. Akimkuta amekonda, au nimemuuza, au nimempa mtu anitunzie kijijini ili mimi nikae mjini kama mgeni, tunarudi wote Susuni, mimi na sola yangu, nikasubiri jua mpaka nizeeke.

Mama akanipa mtamba wake. Huyu alikuwa amemnunua mnadani mwaka wa nyuma kwa hela ya mahindi, kutoka kwa mchuuzi aliyekuwa anazunguka na ng'ombe wa kila mahali. Ng'ombe mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji la uso kama amepakwa unga, na ana kiburi. Huyo hakuwa anatembea na wenzake. Wenzake wakielekea mtoni, yeye anasimama juu ya kichuguu anatazama upande wa kusini mashariki, anatafuna taratibu, kama mtu anayesubiri simu. Mama alisema huyo ana mawazo mengi, atakufaa wewe mwenye maneno mengi.

Tukaanza na Tarime mjini, kwa sababu ndipo karibu. Nilipata chumba asubuhi, nikakipoteza kabla ya chakula cha mchana. Nilimfunga mtamba kwenye nguzo karibu na soko nikaingia kuzungumza na mwenye kibanda, nikitoka nakuta amekula mchicha wa mama mmoja, fungu zima, na amehamia kwenye sukuma wiki. Yule mama hakupiga kelele. Alimtazama ng'ombe, akanitazama mimi, akaniuliza kwa upole kama na mimi nitakula au nimeshashiba. Tangu hapo kila mwenye nyumba niliyemwendea alikuwa ameshapata habari. Walikuwa wanafungua mlango, wanatazama nyuma yangu, wanafunga. Tarime ni mji mzuri, siusemi vibaya. Ni kwamba tu habari zake zinatembea haraka kuliko mimi.

Tukaenda Sirari kwa dada. Shemeji yangu alitupokea vizuri, mtamba akapewa uwanja wa nyuma. Tatizo la Sirari ni kwamba mpaka uko pale, na ng'ombe hajui mpaka. Asubuhi nikiamka mtamba yuko Kenya anakula. Mchana yuko Tanzania amelala. Jioni amerudi Kenya kunywa maji. Alikuwa anavuka kuliko wafanyabiashara. Siku ya tatu hivi akaja kijana wa upande wa pili anamvuta kwa kamba, anatabasamu.

"Buda, hii ng'ombe yako inakula kwetu na inalala kwenu. Ikianza kutoa maziwa, itakuwa ya nani?"

Nilijaribu kumwambia kwamba majani ni ya Mungu, akaniambia sawa, basi na maziwa ni ya Mungu, yeye atakuja kuyachukua kwa niaba. Tukacheka sana, lakini usiku nikawaza baba anakuja kukagua, anamkuta ng'ombe wake amekuwa raia wa nchi mbili. Halafu vinyozi wa Sirari walikuwa na mitindo ambayo sikuijua. Kijana anakaa kwenye kiti anakuonyesha picha kwenye simu, kichwa kimechorwa barabara, mito na vichochoro, unaweza kudhani ni ramani ya kwenda kwao. Mimi nilikuwa najua mitindo miwili tu, kutoa zote na kutoa nusu.

Mwanza nilikwenda peke yangu, kuitazama kwanza, mtamba nikamwacha kwa dada. Jamani, Mwanza. Mji umejaa mawe, juu ya mawe kuna nyumba, juu ya nyumba kuna mawe mengine yamekaa yanafikiria kama yashuke au yasubiri. Na taa. Usiku ule milima yote ikawaka taa, nikasema hapa mashine yangu itanguruma mpaka Susuni wasikie. Niliupenda mji ule, sitaficha. Nilisimama pale chini nikatazama juu mpaka shingo ikagoma kurudi.

Ila kila mwenye nyumba nilipomwambia nina ng'ombe, alidhani ni salamu ya kwetu. Nikirudia, anacheka. Mwenye nyumba mmoja, mama mnene mchangamfu kweli, alinipandisha kilimani kwa ngazi za mawe mpaka nikahisi masikio yanaziba, akanionyesha chumba kizuri, umeme upo, dirisha linatazama ziwa. Nikamuuliza, na ng'ombe wangu je? Akakaa chini kwenye ngazi, akafuta machozi ya kucheka kwa kanga.

"Mwanangu, choo chenyewe hapa tunapanga foleni. Na yeye atasimama nyuma ya nani?"

Nikarudi Sirari nimenyong'onyea. Mvua zilikuwa zimeanza, na kila tone lilikuwa linanikumbusha kwamba zitaisha, na zikiisha baba anachukua fimbo. Dada akasema nirudi tu nyumbani mapema nipunguze aibu. Shemeji ndiye aliyetaja Mugumu. Alisema huko ni mjini, kuna ofisi za halmashauri, kuna hospitali, kuna soko, umeme upo, na watu wa huko bado wanajua ng'ombe ana miguu mingapi. Nikasema twende.

Tukaenda kwa miguu, mimi na yeye, tukilala kwa jamaa hapa na pale. Kwenye mwendo wetu jua lilikuwa kali kiasi kwamba kivuli changu kiliniomba maji. Halafu inakuja mvua, tunalowa mpaka mawazo. Tulipopita kule machimboni nusura nibaki. Kuna watu pale wametoka kila pembe ya nchi kufuata dhahabu, Wasukuma, Waha, Wanyiramba, na vichwa vyao vimejaa vumbi jekundu mpaka ukikung'uta unaweza kufinyanga chungu. Niliwanyoa wengi siku moja, wakanipenda, nikawapenda. Lakini kila aliyenyolewa alikuwa anainuka kwenye kiti, anakwenda kwa mtamba wangu, anampapasa. Huyu anagusa bega anasema hapa mishikaki. Yule anagusa paja anasema hapa pilau ya Krismasi. Mmoja alipiga magoti akawa anatazama miguu, akasema polepole kama mtu anayesali, supu. Mtamba akanitazama. Tukaondoka bila kuaga.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo maajabu yalipoanza, na hapa sijaongeza kitu.

Mpaka pale mimi ndiye nilikuwa navuta kamba. Tulipofika Mbalibali, kijiji cha karibu na Mugumu hapa, mtamba akasimama. Akainua pua juu, akanusa upepo, masikio yakasimama kama ya sungura. Halafu akaanza kutembea. Si kutembea kule kwa kiburi, hapana, alitembea kama mtu aliyechelewa harusi yake mwenyewe. Nikawa navutwa mimi. Watu wa Mbalibali waliokuwa mashambani walisimamisha majembe, mmoja akapaza sauti kuniuliza kama ninakwenda mnadani kuuzwa.

Tuliingia Mugumu hivyo hivyo, mimi nimening'inia kwenye kamba, viatu vimejaa matope, begi la mashine linanipiga mgongoni. Tukapita stendi, mabasi ya Musoma yakampisha. Tukapita soko, na mbele ya macho yangu kulikuwa na mchicha, kulikuwa na kabichi, kulikuwa na mihogo imepangwa chini, na yeye hakugeuza hata jicho. Nikajua huyu ng'ombe ana jambo. Akakata kushoto, akakata kulia, akaingia uchochoro ambao hata pikipiki ingefikiria mara mbili, akasimama mbele ya geti la mabati. Akalisukuma kwa paji la uso, kama mwenye nyumba aliyesahau funguo.

Ndani alikuwepo mama mmoja Mwikoma, mwenyeji wa huku, mtu mzima, anapeta ulezi. Ndiye huyu mama mwenye nyumba wangu mnayemjua nyote. Alipoinua macho akamwona mtamba, ungo ukainama mkononi mwake, ulezi wote ukamwagika, kuku wakapata sikukuu ambayo hawakuitarajia. Mama hakuwafukuza. Alikuwa anamtazama ng'ombe, mkono mdomoni. Halafu akanitazama mimi nilivyochafuka. Nikasema shikamoo mama, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Nikaanza hotuba yangu ile niliyoizoea, kwamba mimi ni kinyozi, natafuta chumba, lakini samahani sana, tatizo ni kwamba nina ng'ombe. Hakuningoja nimalize.

"Ingieni," akasema. "Banda lile pale."

Jamani, nilitaka kulia. Tarime walifunga milango, Sirari waligombania maziwa ambayo hayajatoka, Mwanza walicheka mpaka wakakaa chini. Hapa mtu hata hakuuliza. Hakusema ng'ombe wa nini, hakusema ng'ombe atakula nini. Alisema ingieni, kama tuko watu wawili. Na banda lilikuwepo kweli, zuri, la miti imara, limejaa majembe na kuku. Alinieleza kwamba mpaka mwaka juzi alikuwa na ng'ombe, wakauzwa mumewe alipougua, na tangu mzee afariki banda halijapata mtu wa kulipigia kelele. Mtamba aliingia mle, akazunguka mara moja, akalala. Ng'ombe mgeni halali siku ya kwanza, nyie wafugaji mnajua, anasimama usiku kucha anakojoa kwa woga. Huyu alilala akakoroma.

Nikampigia baba simu. Nikamwambia mji nimeupata, au tuseme ng'ombe kaupata. Nikasimulia yote, Mbalibali, soko, geti. Baba akaniambia nirudie pale pa geti. Nikarudia. Akaita mama, akaniambia nirudie tena. Siku hizo kila jioni nilikuwa napigiwa nisimulie geti, na nyuma yake nasikia watu wanaguna. Nilipata hisia kwamba kule Susuni wanakodisha viti.

Na mji ukanipenda. Nikapata hiki kibanda karibu na soko, umeme unatoka ukutani, mashine haichoki. Siku za mwanzo mtamba nilikuwa namfunga pale nje, kwenye ule mti mdogo, na alikuwa na tabia ya kuingiza kichwa dirishani akamlamba mteja utosini. Mnakumbuka? Mzee mmoja wa halmashauri alilambwa mara moja, akasema amekaa akinyolewa miaka yote na hajawahi kuoshwa vizuri namna ile. Ikawa watu wanauliza, ng'ombe yupo leo? Akiwa hayupo wanaahirisha. Nasikia mmoja alikuwa na upara wa urithi, akalambwa wiki nzima, nywele zikaota. Sikumwona mwenyewe lakini nimeshaisimulia mara nyingi, kwa hiyo ni kweli.

Nyumbani napo raha. Mama mwenye nyumba alikuwa hanisumbui, jioni ananiita tule pamoja, nikamwambia mama yangu kwenye simu kwamba ugali siuli peke yangu, akafurahi kuliko habari ya umeme. Na mtamba alimpenda yule mama kuliko mimi. Mama alikuwa anapiga ulimi kwa namna fulani, mlio mdogo tu kama wa mjusi, na ng'ombe anakuja mbio kutoka alipo. Mimi nikipiga ulimi vile vile, ananitazama kama nimemeza kitu kibaya. Mama alijua kwamba ng'ombe huyo hapendi kushikwa sikio la kushoto, na mimi nilikuwa sijajua. Ng'ombe alipozaa, mama alijua atakubali kukamuliwa upande upi. Mimi nikawa najisemea, watu hawa wa Mugumu ni wajuzi wa ng'ombe, wanamsoma mnyama kwa siku mbili kama mchungaji anavyosoma Biblia. Nilikuwa natembea kwenye mji huu natazama watu kwa heshima.

Mvua zikaisha. Baba akaja.

Aliteremka stendi na fimbo yake na kofia yake, na nadhani alikuwa hajalala siku mbili kwa hamu. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia huku anatazama juu ya bega langu, anatafuta ng'ombe. Nilimpeleka nyumbani. Alinipita, akampita mama mwenye nyumba kwa salamu fupi, akaingia bandani moja kwa moja. Alimshika mbavu, akazikosa kwa unono. Akamtazama ndama, dume jekundu lenye doa lile lile la unga. Akatazama macho, kwato, mkia. Alitoka mle bandani mrefu kuliko alivyoingia.

Mama mwenye nyumba akapika kama kuna harusi. Majirani wakaja, wateja wangu wakaja, wengine bado na shuka la kunyolea shingoni. Ugali wa mtama, nyama, mtindi kwenye kibuyu. Na baba akaanza kusimulia. Nyie mnasema mimi naongeza. Mimi ni mwanafunzi tu, mwalimu ni yule. Kwenye masimulizi ya baba, mtamba alifika Mwanza, akayatazama mawe, akatikisa kichwa. Kule Sirari alikataa kula majani ya Kenya kwa uzalendo. Machimboni aliona mtego wa wale wenye njaa akaniokoa mimi kwa kunibeba mgongoni. Watu wakawa wanacheka, baba anazidi, na mimi nafurahi kwa sababu nilijua sasa nimepita, ukaguzi umekwisha, mji ni wangu.

Halafu baba akapiga fimbo chini. Ile ile ya Susuni.

Akasema amefikiri sana. Ng'ombe mwenye akili namna hii, anayeweza kuichambua miji ya nchi nzima akachagua mmoja, hawezi kuachwa nyuma ya kibanda cha kunyolea. Huyu ni wa kuzalisha. Anataka zizi lake lote la Susuni lijae watoto wake, wawe wanafikiri. Kesho asubuhi wanaondoka naye.

Watu wakaguna. Nikamwambia, baba, lakini ulisema mwenyewe, nisikae mahali pasipo na ng'ombe. Akasema ndiyo, hajasahau, yeye si mtu wa kugeuza maneno.

"Ulikuja naye, mura, utarudi naye. Wateja wa huku watazoea kukukosa. Sola bado ipo."

Jamani, niliona mawingu. Pale pale, mchana kweupe, ndani ya ua lenye umeme, niliona wingu lile la harusi linarudi linanitafuta. Nilitazama kibanda changu akilini, nikalisukuma pembeni bakuli la mtindi. Wateja wangu, kila mmoja akashika kichwa chake. Na kumjibu baba mbele za watu, kwetu hakuna, unameza tu.

Sasa mama mwenye nyumba alikuwa amesimama nyuma ya baba na kibuyu, anataka kumwongezea mtindi. Nikaona kibuyu kinatetemeka. Nikadhani analia. Nikatazama vizuri, mabega nayo yanatetemeka, mashavu yamejaa kama ya mtu aliyeweka maji mdomoni tangu mvua za mwanzo. Akajizuia, akajizuia, mtindi ukamwagikia kofia ya baba, na ndipo kicheko kilipomtoka.

"Mzee wangu, huyo ng'ombe haendi popote, kazaliwa kwenye hilo banda. Aliyeletwa mjini kwa kamba ni mwanao."